Paka Chini Kwanza

Ndugu zangu wa Eastlands ya Nairobi, wa Jericho na Jerusalem, wa Kaloleni na Makongeni, wa Buruburu, Umoja, Kayole na Dandora, fungueni kitabu cha Kutoka, sura ya 25, mstari wa 23. Musa anapewa vipimo vya meza: urefu dhiraa mbili, upana dhiraa moja, kimo dhiraa moja na nusu. Mbao ni ya mshita, mti wa nyika kame, jamaa ya migunga hii tunayoiona tukielekea Athi River. Mbao hiyo inafunikwa dhahabu, kisha inatiwa pete nne na miti ya kuibebea, maana ni meza ya watu wa safari, walalao hemani. Mwenye enzi hakuidharau mbao ya jangwani. Aliagiza ifunikwe, na ifunikwe vizuri.

Na wewe je? Meza yako iko nyuma ya nyumba, mguu mmoja umelegea, uso umechubuka, kuku wamefanya juu yake makao. Unangoja kijana wa taka aje aibebe. Au umeiona kwa muuza vitu vilivyotumika, bei ya kutupa, ukaipita huku ukisema moyoni kwamba maskini hana haki ya kuwa na meza ya kukaa nje. Nani amekwambia hivyo?

Leo nina neno moja tu, nanyi mlishike. Meza iliyotengenezwa upya ili ikae nje huokoka au hupotea kwa kazi iliyofanywa chini yake, pale ambapo mgeni hainami kutazama.

Sikieni kwanza kwa nini iokolewe. Jaa la Dandora lilifunguliwa mwaka 1975. Mwaka 2001 lilitangazwa kuwa limejaa, na hadi leo malori yanapanda na kumwaga. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, na marufuku hiyo ikakaa hadi Rais William Ruto alipotangaza kuiondoa Julai 2023. Anayenunua mbao Gikomba anajua bei ilifika wapi. Sasa tumeambiwa tupande miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032. Amina, na tupande! Lakini mtu akipanda mche asubuhi na jioni akatupa meza ya mvule, amefanya nini? Ile meza ni mti uliokwisha kukua, ukakatwa, ukapasuliwa, ukakauka. Miaka yote ya kungoja imo ndani yake tayari.

Lakini si kila meza inaokoka, nisiwadanganye. Ukienda kununua, usianze na uso wa meza, maana uso ndio muuzaji alioupangusa. Ipindue hapo hapo, miguu juu, hata akikasirika. Chukua kisu au msumari, uchome nyayo za miguu. Kikizama kama kwenye ndizi mbivu, kuoza kumeingia. Mguu huo ukatwe au meza iachwe. Tazama matundu madogo ya wadudu. Matundu yakitoa unga mpya, wenyeji bado wako nyumbani. Kagua kingo pia. Ukikuta unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, ule mafundi huuita MDF au chipubodi, hiyo ni meza ya sebuleni. Ikinyeshewa itavimba kama chapati, na hakuna rangi wala maombi yatakayoirudisha. Tafuta mbao ya kweli: mvule, mkangazi, hata saipresi ya kawaida. Mikwaruzo isikutishe. Rangi iliyobabuka isikutishe. Mguu uliolegea usikutishe kamwe, kwa sababu kiungo hurekebishwa.

Sasa nawakemea wanafiki. Mnawajua. Mtu ananunua meza Jumamosi, anaifuta kwa kitambaa, anapaka rangi ya kung'aa juu ya mafuta ya chapati na masizi ya jiko, na Jumapili anaita wageni. Mathayo 23 inataja makaburi yaliyopakwa chokaa, yanayopendeza kwa nje, na ndani kuna mifupa. Meza hiyo ni ya ukoo huo! Rangi haishiki juu ya uchafu. Ikifika Aprili inabanduka vipande vipande, na mwenyewe analaumu kiwanda cha rangi.

Mwingine anamwita fundi wa makochi ampulizie ile vanishi ya fanicha za ndani, inayokauka upesi na kung'aa kama kioo. Ni nzuri kwa sebule. Nje, mbao haitulii. Mvua za Machi hadi Mei zinapoanza, mbao inanywa unyevu na kutanuka. Jua la Januari likiwaka, inasinyaa tena. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, karibu kabisa na ikweta, na jua lake halina huruma. Vanishi ngumu isiyoweza kufuata mwendo wa mbao inapasuka nyufa ndogo. Maji yanaingia kwenye ufa, yanakosa pa kutokea, na mbao inakuwa nyeusi chini ya kile kile kilichowekwa kuilinda. Ukinunua vanishi, soma kopo. Kama halisemi ya nje, liache dukani.

Basi nifanye nini nipate kuokoa meza hii? Swali jema.

Ioshe kwa maji na sabuni, isugue, halafu iache ikauke kivulini kwa siku kadhaa. Mbao yenye maji ukiipaka, umefungia adui ndani. Kuvu wa kuozesha mbao hawana nguvu unyevu ukiwa chini ya asilimia 20 hivi. Ukavu ndio dawa ya kwanza, na haiuzwi.

Viungo vilivyolegea vifungue, kwangua gundi ya zamani, tia gundi isiyoogopa maji, kaza kwa kamba usiku kucha. Misumari yenye kutu ing'oe, uweke skrubu zilizopakwa zinki, kwa kuwa kutu hula chuma na kuchafua mbao inayokizunguka.

Kisha msasa. Anza na namba 80, endelea na 120, malizia na 180, ukifuata nyuzi za mbao daima. Kingo kali zilainishe ziwe za mviringo kidogo, kwa sababu rangi hukimbia kona kali na kubaki nyembamba hapo. Na hapa natoa onyo kwa sauti kubwa: rangi ya zamani huenda ina madini ya risasi. Viwango vya Kenya vya leo haviruhusu izidi sehemu 90 katika milioni, lakini meza ya mtumba huenda ilipakwa zamani kuliko sheria. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, wanajua sumu hiyo ilivyowatenda watoto wao. Kwa hiyo lowesha rangi unapoikwangua ili vumbi lisiruke, vaa barakoa, waondoe watoto uani, na mabaki yakusanye yote. Usiyafagilie kwenye mtaro wanakocheza.

Sasa ipindue. Miguu juu! Hapa ndipo wengi huanguka. Mti ulipokuwa hai ulivuta maji kutoka mizizini hadi majani kwa mirija, na mirija hiyo bado iko wazi kwenye nyayo za kila mguu. Meza ikisimama kwenye saruji yenye maji, inakunywa kutoka chini, polepole, kila siku, hata juu yake pakiwa pakavu. Paka nyayo hizo. Zikinywa, paka tena. Zikinywa tena, paka tena, mpaka zikatae. Halafu paka upande wa chini wa ubao wote, pembe zote, ndani ya viungo. Ukipaka uso peke yake, upande mmoja utanyonya unyevu na mwingine usinyonye, na ubao utapinda. Nuhu aliagizwa nini katika Mwanzo sura ya 6? Safina ipakwe lami ndani na nje. Angepaka upande wa majirani tu, sisi tusingekuwepo kusimulia.

Chini kukikauka, ndipo uigeuze ushughulikie uso. Tabaka nyembamba, tatu, zinashinda tabaka moja nene. Kati ya tabaka na tabaka ngoja siku nzima, pitisha msasa mwepesi, futa vumbi. Ukiuliza kati ya rangi na vanishi isiyo na rangi, nakujibu bila kupepesa: kwa meza inayoshinda juani, rangi. Chembe za rangi huzuia jua lisifike kwenye mbao. Vanishi inaonyesha uzuri wa mvule, ndiyo, lakini itakudai kila mwaka msasa na tabaka mpya. Ukiwa na nidhamu hiyo, barikiwa. Kama huna, paka rangi na ulale.

Wanaopenda mafuta ya kitani, nisikilizeni kwa hofu. Kitambaa kilicholowa mafuta hayo, kikikunjwa na kutupwa pembeni, hupata joto chenyewe na huweza kuwaka bila kiberiti. Sisi wa Eastlands tunaujua moto. Juni 2018 moto wa Gikomba uliua watu 15. Kitambaa hicho kitie ndani ya maji, au kitandaze peke yake nje kikauke. Na yule anayepaka oili chafu ya gari kwenye meza ya chakula kwa sababu inafukuza mchwa, aache leo. Nguzo za ua ni jambo jingine. Mezani watu wanakula.

Kazi hii ina majira yake. Januari na Februari ni wakati wa neema. Julai kuna mawingu na baridi, rangi inachelewa kukauka. Oktoba mvua zinarudi, na atakayeshika brashi asubuhi ataipaka meza matone jioni.

Ukimaliza, usiisimamishe juu ya udongo. Wanaoshona akala hawakosi mabaki ya tairi. Omba vipande vinne, vigongelee chini ya miguu. Iinamishe kidogo upande mmoja ili maji yateremke. Nawe mama mboga, ambaye meza hiyo ndiyo duka lako, ada ya shule na kodi ya nyumba: usiifunge kwa nailoni usiku kucha ikiwa imelowa, maana unaifungia jasho. Ifute kwanza, acha hewa ipite. Sukuma ukatie kwenye kibao, usiikatie kwenye rangi.

Ndugu zangu, sikuahidi meza ya milele. Nakuahidi meza itakayobeba drafti za wazee wa Kaloleni, chai ya matanga, vitabu vya mtoto anayesoma nje umeme ukipotea, mwaka baada ya mwaka, ikiwa utaikagua kila Januari na kugusia palipochubuka kabla hapajaoza. Gharama yake ni msasa, kopo la rangi ya nje, gundi, na uvumilivu ambao wengi wetu tunao kwa foleni ya Jogoo Road lakini hatuna kwa kitu chetu wenyewe.

Basi amkeni. Nendeni nyuma ya nyumba leo, wafukuzeni kuku, mpindue meza miguu juu, mtazame. Na mtakaposhika brashi, anzeni na mahali ambapo hakuna atakayewasifu.