Je, Umbo la Kitu Laweza Kuwa na Mwenyewe?

Fundi mmoja wa simu hapa Londiani, kijana ahudhuriaye darsa yetu, ametuuliza suala lisilo dogo. Yeye hubadilisha vioo vya simu vilivyovunjika, na vioo avitumiavyo havikutoka kwa kampuni iliyounda simu bali kwa viwanda vilivyoiga. Je, chumo lake ni halali, au yeye ni mshirika wa wizi?

Suala hili wakubwa wa dunia wameligombania kwa mabilioni. Mwezi wa Aprili 2011 Apple, waundao iPhone, waliwashitaki Samsung huko California, wakidai kuwa wameigwa: uso wa mstatili wenye pembe za mviringo, na picha ndogondogo zilizopangwa safu juu ya kioo. Agosti 2012 jopo la mahkama likawaamuru Samsung walipe zaidi ya dola bilioni 1. Mwezi mmoja tu kabla ya hapo, jaji wa Uingereza alikuwa amekataa kwamba tableti za Samsung zimeiga iPad, na akaamuru Apple waitangaze hukumu hiyo wao wenyewe. Kesi ya California ikafika mahkama ya juu ya Marekani mwaka 2016, ikarudi chini, na mwaka 2018 jopo jingine likakadiria dola milioni 539. Mwezi uliofuata wakapatana. Na katika miaka hiyo ya ugomvi, Samsung walikuwa wakiwauzia Apple vipuri vya iPhone! Mahkamani mahasimu, sokoni washirika.

Wako wasemao kwamba fikra si mali hata kidogo. Nikikutwalia ng'ombe wako, zizi lako limepungua. Nikijifunza kwako namna ya kukama, wewe bado wajua kukama. Hoja hii ina nguvu, na nakiri iliwahi kunivutia. Walakini yasahau jasho. Sisi wa nchi ya chai twaijua ile chai ya zambarau, TRFK 306, waliyopewa wakulima mwaka 2011 baada ya watafiti wa Kericho kuihangaikia miaka mingi. Mkulima hukata kijiti, akakipanda, kikamea. Kijiti ni chepesi. Miaka iliyomo ndani yake si myepesi. Baraza la Fiqhi ya Kiislamu, lilipokutana Kuwait Desemba 1988, liliukubali uvumbuzi kuwa ni haki yenye thamani ya mali, isiyofaa kudhulumiwa.

Tena yafaa tujue hataza ni nini. Ni mapatano. Sharia ya Kenya ya mwaka 2001 humpa mvumbuzi miaka 20, naye kwa upande wake aueleze uvumbuzi wake waziwazi, ili muda ukipita watu wote wautumie. Hapo kuna kutoa na kupokea, wala sioni dhuluma.

Lakini mwenye kudai pembe za mviringo ametupa nini? Ubao tulioandikia alifu chuoni ulikuwa mstatili, na pembe zake zilikuwa zimelainishwa zisituchubue. Apple watajibu kwamba hawakudai pembe peke yake, bali sura nzima kwa jumla, na kwa insafu jawabu hilo lina uzito. Hata hivyo naona kwamba azuiaye watu umbo ambalo mkono wa kila mmoja wafika kwalo amekaribia ihtikari, na ihtikari si ya nafaka tu.

Basi tumrudie fundi wetu. Kioo kilichofanana na kingine si wizi kwa kufanana. Ikiwa kiwanda kimechukua siri ya utengenezaji ambayo hataza yake ingali hai, dhambi ni yake, na ya kila auzaye hali ajua. Lakini kubandika nembo ya kampuni juu ya kioo isichokitengeneza ni ghushi, na kumnyamazia mteja ni ghushi vilevile.

Akaniambia: "Sheikh, nikisema, wateja watakwenda kwa jirani asiyesema." Nikamjibu kwamba huenda ikawa hivyo, ila aseme kabla ya kuifungua simu, na aandike katika risiti. Alikuwa na kifurushi cha nembo mkobani. Ameniachia, kiko hapa mezani ninapoandika.