Jani Zima

Jani la mkonge likishapita kwenye korona, mashine inayotenganisha nyuzi ndefu (singa) na nyama ya jani, singa inayopatikana haizidi sana asilimia 4 ya uzito wake. Maji, nyama ya jani na nyuzi fupi huchukuliwa na mfereji hadi kwenye lundo nyuma ya kiwanda. Tangu Richard Hindorf alipoleta miche ya kwanza Tanganyika mwaka 1893, na hata miaka ya 1960 nchi ilipozalisha zaidi ya tani laki mbili za singa kwa mwaka, upotevu huo ulihesabiwa kuwa kawaida ya kazi. Je, kuacha sehemu kubwa ya kiumbe ioze kwa sababu tu soko halikuiulizia ni israfu, au ni hesabu ya biashara isiyohusu dhamiri? Naamini ni israfu, na kwamba kuzichuja nyuzi zile fupi zikatengenezwa karatasi maalumu, kama ya vifuko vya chai na vichujio, ni wajibu kabla ya kuwa fursa.

Tumezoea kuiona israfu kuwa kosa la wakati wa uhaba, mithili ya kumwaga maji kisima kikiwa kimekauka. Dini hazikuiweka hapo. Mapokeo ya Kiislamu yanakataza kufuja maji ya udhu hata kwa aliye kando ya mto unaotiririka. Katika Injili ya Yohana, baada ya umati kula na kushiba, Yesu anawaagiza wanafunzi wakusanye mabaki, na vikapu 12 vinajaa. Maji ya mto hayakuwa yakipungua, na aliyezidisha mikate mara moja hakuhitaji makombo ya jana. Basi ubaya wa israfu hautokani na upungufu, bali na kumdharau aliyetoa pamoja na aliyetokwa jasho. Kwenye mkonge, huyo wa pili tunamjua. Mkata mkonge hakati singa. Anakata jani zima, anaondoa mwiba wa nchani, anafunga mafungu na kuyabeba hadi pembeni mwa barabara ya shamba. Katika kila kilo 100 zilizomwelemea, kama 96 huishia kwenye lundo. Manamba, vibarua wa mkataba waliotoka Kigoma, Songea na Burundi, walibeba mzigo huo miaka na miaka, na sehemu kubwa yake ilitupwa siku ileile.

Wapo watakaosema kwamba jani huoza likarudi ardhini, na maumbile hayajui takataka. Mabaki yakirudishwa shambani kuwa mbolea, sina ugomvi nao. Lundo la nyuma ya korona ni jambo jingine: linachacha, linatoa gesi ya methani, na maji yake makali yakifika mtoni yanamaliza oksijeni ya samaki. Pingamizi zito zaidi ni la wanaouliza faida ya kuokoa uzi ili uishie kwenye kifuko cha chai kinachotupwa baada ya dakika tano. Hapo inafaa kuitazama karatasi yenyewe. Karatasi ya vifuko hutegemea abaka, ndugu wa mgomba anayelimwa Ufilipino. Nyuzi zake ndefu hushikana hata zikiloa, ndiyo maana karatasi ya kifuko huweza kuwa na gramu 12 hadi 17 hivi kwa mita ya mraba, wakati ya ofisini ina gramu 80 na ikilowa inameguka. Uimara wa uzi ndio unaotuwezesha kutumia kidogo. Muda wa matumizi haupimi israfu. Mkate nao huliwa mara moja tu. Nyuzi za mkonge ni fupi kuliko za abaka, ila zikipikwa na kupondwa hutoa karatasi yenye vinyweleo, ngumu kuchanika, inayofaa kwa vichujio.

Pingamizi moja nalikubali lote. Kupika nyuzi kunahitaji dawa kali kama kostiki soda, na maji meusi yanayobaki yakimwagwa mto Pangani, kiwanda cha karatasi kitakuwa kimerudia kosa la korona. Hoja yangu inawabana wenye korona na wenye kiwanda cha karatasi pia. Pale Hale, wilayani Korogwe, mabaki ya mkonge yalichachushwa katika mtambo wa biogesi na kuzalisha umeme, kwa hiyo njia inajulikana: nyuzi fupi zichujwe kwanza, nyama ya jani iende kwenye gesi, tope lirudi shambani. Na kila bidhaa mpya inayotoka kwenye jani iongeze ujira wa mkata mkonge, maana lilipita begani kwake likiwa zima.