Aliyetunga ni Nani?

Ukiuliza Pemba habari za washairi wa kale, majina mawili hutangulia: Kamange na Sarahani. Kamange ni Ali bin Said bin Rashid Jahadhmy, aliyezaliwa 1830 na kufariki 1910. Sarahani bin Matwar alizaliwa miaka kumi na mmoja baada yake, akaishi hadi 1926. Walitungiana, wakajibizana, na kisiwa chao kikawa kinageuka huku wakikitazama. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja na kuinusuru ya Pemba, ikawa neema ya karafuu imehamia kwao. Mwaka 1890 Waingereza wakaiweka Zanzibar chini ya himaya yao. 1897 sheria ikaacha kuutambua utumwa. Katikati ya misukosuko hiyo Kamange alikuwa akitunga mapenzi, na watu wakiyahifadhi vifuani.

Tungo zao zilikaa hivyo muda mrefu, kwa moyo na kwa makaratasi ya hati za Kiarabu. Kitabu cha *Kale ya Washairi wa Pemba*, kilichokusanywa na Abdurrahman Saggaf Alawy na Ali Abdalla El-Maawy na kuhaririwa na Abdilatif Abdalla, kilichapishwa Dar es Salaam mwaka 2011. Kamange alikwishakaa kaburini zaidi ya miaka mia moja. Mhariri mwenyewe ni malenga wa Mombasa aliyefungwa kwa maandishi yake tangu 1969 hadi 1972, na *Sauti ya Dhiki* ikazaliwa gerezani humo. Mtu kama huyo anajua thamani ya neno linaloponea chupuchupu.

Sarahani na santuri walipishana kwa miaka miwili tu. Mwaka 1928 mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad alivuka bahari hadi Bombay kurikodi, na tangu hapo sauti ya mwimbaji wa Kiswahili ikaweza kusikika hata mwenyewe asipokuwapo. Lakini santuri hubeba sauti ya anayeimba. Aliyetunga maneno huweza kusahauliwa, na hapo ndipo penye uchungu wa jambo hili.

Washairi wetu walikuwa na dawa yake. Katika beti za mwisho mtunzi hujitaja, pengine na mji wake pia, ili anayeusoma utungo ajue umetoka kwa nani. Washairi wa Kiurdu nao hufanya vivyo hivyo: beti ya kufungia ghazali humtaja mtunzi kwa jina lake la ushairi. Pwani yetu na ile ya India zimepelekeana majahazi, vitambaa na viungo kwa karne nyingi, na zote mbili ziliona kwamba utungo haufai kutembea bila mwenyewe. Kisha zikaja filamu na taarabu ya redioni. Wimbo ukafupishwa, na beti ya jina ikawa ya kwanza kuachwa.

Huko Bombay alikuwapo mshairi wa Kiurdu aliyekataa kunyamaza. Sahir Ludhianvi, aliyezaliwa Ludhiana mwaka 1921 kwa jina la Abdul Hayee, alikuwa na diwani yake kabla ya kuingia kwenye filamu, na alipoingia hakukubali kuwa mtu wa nyuma ya pazia. Inasimuliwa kwamba ndiye aliyeishikilia redio ya taifa ya India hadi ikaanza kumtaja mtunzi pamoja na mwimbaji. Nyimbo za *Pyaasa*, filamu ya 1957, ni maneno yake. Kisa cha filamu hiyo ni cha mshairi anayedhaniwa amekufa, na waliomdharau akiwa hai wanashindana kuvuna kutokana na beti zake. Sahir alikufa 1980, na mashabiki wa filamu za Kihindi wanamtaja hadi leo.

Nyimbo za filamu hizo zilifika pwani yetu, na lahani zake zikavishwa maneno ya Kiswahili. Juma Bhalo wa Mombasa alizipenda mno, na mengi ya maneno aliyoyaimba yalitoka kwa jamaa yake, Ahmad Nassir, mtunzi wa *Malenga wa Mvita*. Wanaomjua Bhalo ni wengi. Wanaojua kwamba baadhi ya maneno yaliyowaliza ni ya Ahmad Nassir ni wachache mno, ilhali bila maneno hayo lahani ingebaki ni ya Bombay tu.

Pemba haijaacha kuzaa washairi. Mwaka 2015 Mohammed Ghassani, mzaliwa wa kisiwa hicho, alishinda tuzo ya Mabati-Cornell ya ushairi kwa diwani yake *N'na Kwetu*. Huyo ana kitabu, na jalada lina jina lake. Wasiwasi ni kwa wale wa Wete, Micheweni na Mkoani wanaotunga kwa ajili ya arusi na vikundi vya taarabu, wakampa mwimbaji daftari, basi.

Zanzibar ina sheria ya hakimiliki tangu 2003, na sheria ni kitu cha kushukuriwa. Hata hivyo haimlazimishi mshehereshaji wa arusi kusema, kabla ala hazijaanza, kwamba maneno haya ni ya fulani wa Chake Chake. Kusema hivyo hakuchukui hata robo dakika. Redio nazo zingeweza kuanza wiki hii, kwa nyimbo zile zile zinazopigwa kila Ijumaa, huku watunzi wengine wakiwa bado hai wa kusikia.