Mgomba Juu ya Shimo

Huku kwetu Busale shimo la choo likijaa hufukiwa kwa udongo na majivu, likaachwa litulie, kisha ukapandwa mgomba juu yake. Mkungu wake aghalabu huishinda mikungu ya jirani. Hatuoni haya kuula, ingawa wapo wageni wanaouliza kwanza ndizi zimetoka wapi.

London nako wana mashimo yao ya kale. Katika maonyesho makubwa ya mwaka 1851, fundi George Jennings aliweka vyoo vya kulipia peni moja, na watu zaidi ya 827,000 wakavitumia. Baadaye vikajengwa vingine chini ya barabara, vingi vya wanaume peke yao. Mwandishi Bernard Shaw, akiwa diwani wa St Pancras, ilimbidi ashindane na wenzake ili wanawake nao wapate pa kujisitiri. Gharama zilipozidi, vingi vilifungwa. Kimoja, cha mtaa wa Foley, tangu 2013 kimekuwa mkahawa: watu hunywa kahawa mahali wanaume waliposimama kukojoa.

Wengine husema hilo ni kinyaa. Mimi sioni hivyo. Kinyaa huondoka kwa maji na sabuni. Swali langu ni la haki. Mgomba haumwonei mtu, maana kabla ya shimo la zamani kufukiwa, jipya limekwisha chimbwa. Je, mkahawa? Kwa kweli mwenye mkahawa hakumfukuza mtu, alikuta mlango umefungwa. Lakini aliyeufunga alimwachia nani haja ya mpita njia?

Kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973 ilitufundisha kwamba kila kaya iwe na choo chake, na watu walichimba kweli. Lakini choo cha sokoni si cha kaya yoyote. Mama aliyeshuka na ndizi kichwani hudaiwa sarafu mlangoni kabla hajauza hata chane moja. Mlinzi naye ana hoja, maji na sabuni havitolewi bure. Basi mama huyo aende wapi, hasa wakati wa masika, maji ya Kyela yanapopanda na kila kilichoachwa vichakani kuelea hadi visimani?

Siku nikiambiwa choo cha soko kinageuzwa duka, sitapinga. Nitaomba kwanza nipelekwe kwa miguu nikalione shimo jipya.