Mlipe Mbwa Kabla Jasho Halijakauka

Mbwa wa Ruaruke ni mfanyakazi. Huku ukingoni mwa delta ya Rufiji, wilayani Kibiti, mpunga ukianza kushika punje nguruwe pori huingia shambani usiku, na mchana ni zamu ya nyani na tumbili. Mkulima hupanda dungu akalala huko juu mpaka mavuno, na mbwa yuko chini. Kubweka kwake si jambo dogo. Kati ya 2002 na 2004 simba waliua watu zaidi ya 30 katika vijiji vya Rufiji, na watafiti walieleza kwamba simba hao huvutwa mashambani na nguruwe hao hao.

Sasa tazama mfanyakazi huyu anavyofundishwa. Akisogelea chungu, fimbo. Akichelewa kuitika, jiwe. Ukiuliza sababu, utaambiwa mbwa akidekezwa hana adabu. Lakini mtoto wa mbwa anayepigwa akiwa na miezi mitatu hujifunza jambo moja tu kwa hakika, nalo ni kukaa mbali na mkono wa binadamu. Kisha tunamlaumu kwamba haitiki akiitwa!

Wanaojua kazi ya kufundisha mnyama hawako mbali nasi. Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO limekuwa likifundisha panya buku tangu mwaka 2000 kunusa mabomu ya ardhini, na baadaye makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu. Panya akipatia, kidude kinalia, na papo hapo anapata ndizi iliyopondwa. Ni hivyo tu, siku baada ya siku, kwa miezi mingi. Magawa, panya aliyezaliwa Tanzania, alifundishwa kwa njia hiyo akapelekwa Kambodia, akafichua mabomu ya ardhini na mabaki ya silaha zaidi ya 100. Mwaka 2020 alitunukiwa medali ya dhahabu na shirika la Uingereza. Hakuna fimbo ambayo ingemfikisha huko.

Mbwa wanaonusa pembe za ndovu bandarini Dar es Salaam nao wana ujira wao: mpira. Mbwa akipata harufu ya pembe hukaa chini, na mwalimu wake humrushia mpira wakacheza. Kwetu tusio mbali na Selous, pori lililopoteza maelfu ya tembo kwa majangili, kazi ya mbwa hao inatugusa. Inafanywa kwa furaha, na ndiyo maana inafanywa vizuri.

Ruaruke hatuhitaji kidude wala mpira wa dukani. Dagaa mmoja akatwe vipande vidogo kama punje za mahindi. Mwite mbwa kwa jina, mara moja. Akija, mpe pale pale. Ukikawia hata kidogo, atadhani analipwa kwa kukuchungulia mfukoni. Sisi tuliofundishwa kumlipa kibarua kabla jasho lake halijakauka tunapaswa kulielewa hili upesi kuliko wengine. Akishazoea, usimlipe kila mara. Mlipe mara hii, mruke mara ile, naye atazidi kuitika kwa bidii. Na siku ambayo dagaa hakuna, mchezo unatosha.

Najua wengi mtaniuliza kuhusu najisi. Ni swali la haki, maana mate ya mbwa katika madhehebu yetu ya Shafii yanataka kuosha mara saba, mojawapo kwa udongo. Lakini dini haikukataza mbwa wa shamba wala wa mifugo, na Sura Al-Maida, aya ya 4, inazungumzia wanyama wa kuwinda waliofundishwa na watu. Kipande cha dagaa hurushwa chini. Kwa mchezo, tambara hufungwa kwenye kamba ndefu, ukalivuta mchangani naye akalikimbiza. Mkono wako unabaki mkavu, na mwanafunzi wako ameburudika.

Kuna sababu nyingine ya kuacha fimbo, nayo ni ya uhai wa watoto wetu. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mara huua. Mikoa ya kusini mashariki, Pwani ikiwemo, ilikuwa katika mradi mkubwa wa chanjo ya mbwa ulioanza 2010, na kikwazo kimoja cha kazi hiyo popote ni mbwa asiyekamatika. Mwenye mbwa wa namna hiyo hubaki nyumbani, chanjo ikampita. Mbwa aliyelelewa kwa dagaa na tambara huitwa akaja, akafungwa kamba bila vita.

Kwa hiyo, ndugu mkulima, ukipewa mtoto wa mbwa msimu huu, acha fimbo dunguni. Mfundishe kuitika kabla hajamaliza miezi minne, na wataalamu wa mifugo watakapotangaza siku ya chanjo katani, mpeleke.