Nahodha, Siti za Boti Yako Zinakungoja

Boti ikipandishwa mchangani Mikindani, mwenyewe huanza na mashine. Hufungua plagi, husafisha kabureta, huzungusha pangaboi kwa mkono asikie kama inakwaruza. Akimaliza hapo hupapasa bodi kutoka omo hadi tezi akitafuta ufa. Kazi nzuri, na bila hiyo hakuna safari. Lakini siti anazipita. Leza imekatika pembeni, sponji imegeuka njano na inamong'onyoka, na ukikaa asubuhi inakutolea maji ya safari ya juzi. Abiria anateremka Msimbati nguo zimelowa nyuma, anaona haya kutembea mbele za watu. Na nauli amelipa yote.

Ndugu zangu wenye boti, hili liko ndani ya uwezo wetu. Halitaki mkopo, halitaki kibali, wala halitaki fundi wa kutoka Dar es Salaam. Linataka uamuzi.

Na sababu za kuamua tunazo. Tangu mwaka 2000 tuna Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, eneo la kilomita za mraba zipatazo 650 zenye matumbawe, mikoko na fukwe ambazo watu husafiri siku nzima kuzifuata. Kuanzia Julai hadi Novemba hivi, nyangumi wa nundu hupita pwani ya Afrika Mashariki wakitoka bahari ya baridi ya kusini kuja kuzaa kwenye maji ya joto. Mtu aliyekuja kuwaona atashinda kwenye siti yako tangu asubuhi. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wazee. Basi na mgeni akaribishwe mahali pakavu. Wala siwasemei watalii peke yao. Mama mjamzito anayevuka kwenda kliniki, mzee anayerudi Msanga Mkuu na maumivu ya mgongo, mwanafunzi mwenye sare moja: hao ndio wanaokalia siti zetu mwaka mzima, na hao ndio waliozoea kunyamaza.

Adui wa siti ya boti ni chumvi. Maji ya bahari yakiingia kwenye sponji, jua huyakausha, chumvi hubaki. Usiku chumvi hiyo huvuta unyevu wa hewani, na siti uliyoianika mchana kutwa inaamka mbichi. Ndiyo maana kuanika peke yake hakujawahi kumsaidia mtu. Siti iloweshwe na kukamuliwa kwa maji ya bomba au ya mvua mpaka ladha ya chumvi iishe, halafu ndipo ianikwe. Anayefanya hivyo kila wiki ataongeza maisha ya siti zake hata kabla ya kununua uzi.

Zikishaoza, shona upya, na shona kwa akili. Chukua wembe, fumua kava la zamani mshono kwa mshono bila kulichana, kwa sababu vipande vyake ndivyo vipimo vyako. Vilaze juu ya leza mpya, chora kwa chaki, ongeza sentimita moja na nusu ya mshono kila upande. Kisha panga mishono yote ishuke ubavuni. Usiweke mshono juu pale mtu anapokalia, maana kila tundu la sindano hupitisha maji. Tumia uzi wa poliesta. Wa pamba utaoza, na nailoni haihimili jua kama poliesta. Hatua ya cherehani iwe ndefu, milimita nne hivi. Wengi hudhani mshono wa karibu karibu ndio imara, kumbe kwenye leza matundu yaliyosongamana hutengeneza mstari wa kuchanikia.

Chini ya siti usizibe. Weka kitambaa cha wavu, maji yakiingia yapate pa kutokea. Kama siti imepigiliwa kwenye plaiwudi, dai pini za chuma kisichoshika kutu. Pini za kawaida hazimalizi mwaka baharini, na zikioza huchafua leza na kuchana suruali za watu. Sponji ikatwe kubwa kuliko kava kwa sentimita moja, ivishwe mfuko wa plastiki ili iteleze kuingia, halafu uvute mfuko utoke. Hapo kava litakaza bila mkunjo hata mmoja. Ukipata sponji ngumu isiyofyonza maji, iweke chini, na laini kidogo juu yake. Mgongo wa yule mzee wa Msanga Mkuu utakushukuru.

Asiyepata sponji nzuri aukumbuke msufi. Nyuzi za sufi zina nta ya asili, hazipendi maji, na zina uwazi ndani unaozifanya zielee. Ndiyo sababu zilijazwa kwenye majaketi ya kuokolea maisha duniani kote kabla sponji za kiwandani hazijashika nafasi yake. Bibi zetu walijaza mito kwa sufi hapa hapa pwani. Kasoro zake ni mbili: hulala ikikaliwa sana, kwa hiyo itahitaji kuongezwa, na hushika moto upesi, kwa hiyo isikae karibu na mashine wala tangi la petroli. Na siti yoyote ile, ya sufi au ya sponji, haichukui nafasi ya jaketi okozi.

Mafundi mnao. Tembea Mtwara mjini uwatazame vijana wanaoshona siti za bodaboda na bajaji: leza ile ile, cherehani ile ile, mikono ile ile. Anayeweza kukaza siti ya pikipiki ikakaa bila mkunjo anaweza kuvika boti nzima. Vijana, msisubiri nahodha awatafute. Shukeni pwani na futi ya kupimia, ombeni siti moja mbovu, ishoneni vizuri, iacheni ionekane. Na nyinyi dada zangu mliosomea ushonaji, msikubali kuambiwa kwamba kazi yenu ni sare na magauni tu. Baharini kuna soko, na bado halina mwenyewe.

Wakati nao tunao. Fedha za korosho huingia kuanzia Oktoba, mvua za kusini hufuata mpaka Aprili, na katika miezi hiyo boti nyingi hukaa zaidi kuliko zinavyotembea. Tenga fungu dogo la korosho kwa ajili ya leza na uzi kabla halijapotelea kwenye mambo mengine. Shona wakati wa mvua. Nyangumi wakifika Julai, boti yako iwe tayari kupakia.

Usingoje uweze kushona zote kwa pamoja. Kesho maji yakipwa, panda chomboni na wembe, fungua siti moja iliyo mbovu kuliko zote, na kabla ya adhuhuri vipande vyake viwe mezani kwa fundi.