Msalaba Ambao Hatukuagizwa Kuubeba

Mama mmoja wa usharika alikuja ofisini kwetu kuomba maombezi. Usiku aliamka shuka zimelowa jasho, usingizi ulimkimbia, na mchana hasira zilimpanda bila sababu. Mumewe alikuwa amehamia chumba kingine. Daktari alimweleza kwamba hedhi yake inakoma, akamtajia tiba ya homoni. Lakini swali alilotuletea halikuwa la hospitali: "Mchungaji, nikitumia dawa hizi, si nitakuwa nampinga Mungu aliyepanga nizeeke?"

Tulimwambia avumilie. Tukaomba naye, akaondoka. Leo tunakiri kwamba tulikosea, tena tulikosea kwa jina la Mungu.

Kukoma kwa hedhi si ugonjwa wala laana. Kwa wanawake wengi huja kati ya miaka 45 na 55, homoni ya estrojeni inapopungua mwilini. Sara mke wa Ibrahimu alipita huko, na Maandiko hayaoni haya kulitaja (Mwanzo 18:11). Hata hivyo, jambo la asili laweza kuumiza. Kuzaa ni kwa asili, na hakuna anayemkataza mzazi asiite mkunga. Macho kufifia ni kwa asili, nasi wachungaji twasoma Injili madhabahuni kwa miwani bila kuungama kwamba tumempinga Muumba. Mbona mwili wa mwanamke ndio unaodaiwa uvumilivu?

Tumezoea kuita kila maumivu msalaba. Msalaba anaousema Bwana ni gharama ya kumfuata yeye. Jasho la usiku lisilotibiwa halimpunguzii jirani yeyote mzigo. Paulo alimshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake (1 Timotheo 5:23). Hakumwambia aombe tu. Na Luther, katika Katekisimo Ndogo, anahesabu mwili na viungo vyake kati ya vipawa vya Mungu. Kipawa hutunzwa.

Kutunza kunadai busara pia. Mwaka 2002 utafiti mkubwa wa Marekani ulionyesha kwamba estrojeni na projestini zikitumika pamoja ziliongeza hatari ya saratani ya matiti, na wanawake wengi wakaziacha kwa hofu. Uchambuzi wa baadaye ulionyesha kwamba kwa anayeteseka, mwenye afya njema, aliye chini ya miaka 60 au ambaye miaka 10 haijapita tangu hedhi ikome, mara nyingi faida huzidi hatari. Mwenye mfuko wa uzazi huhitaji homoni ya pili ya kuukinga na saratani. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti kwa kawaida hutafutiwa njia nyingine. Kwa hiyo dawa ya shoga yako si lazima iwe yako. Mmoja hufaa kidonge, mwingine jeli au bandiko la ngozi, na kipimo huweza kubadilishwa mara kadhaa kabla ya kupata kinachofaa. Hapo ndipo uvumilivu unapopata kazi yake.

Tulimwendea mama yule nyumbani, tukamwomba radhi mbele ya mumewe. Hatukumwagiza atumie dawa wala aziache. Hilo ni lake na daktari wake. Tulimwambia tu kwamba mbele za Mungu yuko huru. Mumewe alinyamaza kwa muda, kisha akamuuliza siku ya kliniki ni lini, waende wote wawili.